KITAMBAA CHA VIOO KILIVYONIUMBUA KIGAMBONI

 

Wanaofuatilia kona hii wanajua mimi kazi yangu ni nguo tu. Nimeshawaeleza namna ya kukata shifoni inayoteleza, namna ya kuizuia satini isitoe nyuzi pembeni, na kwa nini kitenge kipya kifuliwe kwanza ndipo kipelekwe kwa fundi. Pongezi zenu zilinivimbisha kichwa, nikajiona hakuna kitambaa chini ya jua kitakachonishinda. Leo nakiri mbele yenu: kipo! Na kimeniumbua mchana kweupe, mbele ya vijana sita na mzee mmoja aliyekuwa na kila haki ya kunitukana.

Kisa chenyewe ni hiki. Malipo ya mwandishi wa kujitegemea mnayasikia tu. Yanakuja yanapotaka, na mwenye nyumba hataki hadithi. Kodi ya chumba ilikuwa imelala miezi miwili. Nikaona soo hili halitaisha kwa kalamu peke yake. Nikavuka na pantoni mpaka Kigamboni kwa mjomba wangu, mdogo wake mama, mwenye karakana ya kutengeneza boti za faiba. Siku nyingine anachonga bampa za magari ya mabitozi wanaotaka magari yao yaonekane ya mashindano.

Mjomba akanitazama kuanzia kucha zilizopakwa rangi hadi nywele, akacheka. "Bibie, si wewe unayewafundisha watu vitambaa gazetini? Njoo basi. Mimi vitambaa ninavyo."

Kweli anavyo. Faiba yenyewe ni kioo, msomaji. Kioo cha jamii moja na kile cha dirisha na chupa, isipokuwa kimeyeyushwa kwa moto mkali kikavutwa kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele wako. Wamarekani ndio walioanza kuzitengeneza kwa wingi kiwandani miaka ya 1930, na ilipofika 1953 wakatoa gari la Chevrolet Corvette lenye bodi ya faiba. Nyuzi hizo hufumwa zikawa kitambaa cheupe kinachong'aa, laini kwa macho, ukikiona unaweza kudhani ni cha shela ya bibi harusi. Kitambaa hicho kikiloweshwa rezini, ile gundi nzito, kikakauka, basi kinakuwa ubavu wa boti. Kitambaa ndiyo mfupa na rezini ndiyo nyama. Ukiharibu mfupa, nyama haisimami.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa boti ya mzee mmoja mvuvi. Ilikuwa imegonga mwamba na kutoboka tobo la ukubwa wa sinia. Vijana wa Mjomba walishasaga kingo za tobo kwa mwinamo. Mjomba alinieleza hesabu yake: unene wa ubavu ni milimita 6, na mwinamo unakwenda mara 12 ya unene, yaani sentimita 7 na kitu kila upande. Kiraka hakishiki kwenye ukuta uliosimama wima, kinataka mahali pa kulala. Mimi nilitakiwa kukata vipande vitano, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kilichotangulia. Vitatu ni vya mkeka, ile faiba ya vipande vya nyuzi vilivyotawanywa na kugandishwa pamoja. Viwili ni vya kufuma, ile nzito ya gramu 600 kwa kila mita ya mraba.

"Unaweza?" Mjomba akauliza.

Nikajibu kwa mapozi, "Mjomba, hiki si kitambaa tu?"

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Nilichukua mkasi uliokuwa ukifungulia mifuko ya rezini, nikachora duara kwa chaki na kukata juu ya mstari kabisa, kipimo barabara. Nikakunja kipande mara nne kama leso, nikakibana kwapani na kutembea nacho mpaka kwenye boti. Nilipokikunjua, loo! Duara halikuwa duara tena. Pembeni kote nyuzi zilikuwa zimechomoka, zinaning'inia kama matamvua ya msuli. Nikajisemea hakuna noma, rezini itazilaza. Nikapaka rezini, nikakilaza, nikaanza kukipaka kwa brashi, huku na huku, kama mtu anayepaka chokaa ukutani.

Brashi ikazoa nyuzi. Nikavuta, zikaja nyingine. Kitambaa kikasogea upande mmoja, na katikati kukatokea matundu unayoweza kupitisha kidole. Jua la Kigamboni nalo halina subira, rezini ikaanza kuwa uji mzito, kisha kama ugali. Kufumba na kufumbua kiraka kikaganda vile vile, kimechomoza nyuzi kila upande kama rasta za mtu aliyelala mchangani. Vijana wakageuka kando kucheka. Mjomba hakucheka.

Mzee mwenye boti alikuwa amekaa juu ya ndoo, ananitazama muda wote. Nikamwendea kuomba radhi. "Shikamoo mzee, naomba unisamehe."

"Marahaba, binti." Akanyamaza kidogo. "Boti hii ikilala juu siku moja, wanaume watano hawana cha kupeleka nyumbani. Leo ni siku ya nne."

Basi. Hakuongeza neno. Afadhali angenitukana, ningelia yaishe. Mjomba akawaambia vijana wasage upya kazi yote, na hiyo maana yake siku mbili zaidi. Gharama ya kitambaa na rezini nikakatwa mimi kwenye ujira ambao hata sijaushika. Jioni wakati naondoka akaniambia polepole, "Ukiharibu tena, bibie, urudi kwenye gazeti lako. Humu kuna riziki za watu."

Nilifika nyumbani Temeke mikono yote inawasha kama nimelala kwenye upupu. Nikajisugua kwa maji ya moto na dodoki, ndiyo kwanza nikazidisha balaa. Mama yangu ni fundi cherehani tangu kabla sijazaliwa. Alinisikiliza kisa chote bila kuacha kukanyaga cherehani. Nilipomaliza alinyoosha mkono. "Lete hicho kipande."

Nilikuwa nimebaki na kipande mfukoni. Akakiweka chini ya taa, akachomoa uzi mmoja kwa kucha. Ukatoka wote, ukiteleza kama tambi iliyoiva.

"Mtande huu, mshindio huu," akasema. "Mbona si mgeni? Uzi wa pamba una manyoya, unashikana na mwenzake. Huu hauna manyoya, tena umefumwa wazi wazi. Sasa nani amshike mwenzake? Huyu ni shifoni tu, wewe mtoto, ila huyu hana aibu. Na wewe uliyekulia chini ya cherehani unakunja shifoni mara nne unabana kwapani?"

Nikaona mwanya, nikaomba aniazime mkasi wake mkubwa. Akaushika kama mtu anayetaka kuporwa. "Mkasi huu haujawahi kukata hata karatasi. Leo ukate vioo?" Tena alikuwa na haki, maana faiba inakula makali ya mkasi vibaya sana. Mkasi wa faiba ni wa faiba maisha yake yote. Kesho yake nikakopa, nikanunua wa kwangu.

Sasa msomaji, nisikuache na umbea mtupu. Vijana wengi siku hizi wanajifunza kuchonga bampa, spoila, maboksi ya spika na mitumbwi ya faiba, na wengi wanaanza kama nilivyoanza mimi. Haya ni mambo niliyoyapata kwa mama na kwa Mjomba, nikayajaribu kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwanza, pa kukatia. Tafuta meza pana, safi na kavu. Kitambaa kibaki kwenye rola yake, ukivute kwa kukifungua, usikiburute. Faiba haikunjwi. Ukiikunja unavunja nyuzi kwenye mkunjo, na mkunjo huo hautoki. Kipande ulichokata kikunje kwenye bomba la karatasi kama mkeka wa kulalia, au ukibebe kikiwa bapa juu ya kadibodi. Usikiache kwenye unyevu, na usikishike kwa mikono yenye mafuta ya chipsi, rezini haitashika hapo.

Pili, mstari ulionyooka. Kama unataka kukata sawasawa na ufumaji, fanya anavyofanya mama yangu. Chomoa uzi mmoja mwanzo hadi mwisho. Pale ulipotoka patabaki kijia. Pitisha mkasi kwenye kijia hicho, hutakata nyuzi nusu nusu zitakazochomoka baadaye.

Tatu, tepu. Ile tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi ibandike kwenye kitambaa, ichore mstari juu yake, kisha ukate katikati ya tepu. Kila upande unabaki na tepu yake imeshika nyuzi. Lakini sikiliza vizuri, maana wengi wanalia hapa: tepu isiingie ndani ya kazi. Rezini haishiki chini ya tepu, patabaki kama jipu na siku moja patafunguka. Kwa hiyo acha ziada ya sentimita 3 hivi nje ya mstari wako, tepu ikae huko kwenye ziada, ambako utakuja kukata kutupa. Kwa bampa inayotoka kwenye kalibu, njia hii ni bomba.

Nne, hanamu. Wanaoshona wanaijua. Ukikata kitambaa mshazari, nyuzi 45, hakuna uzi unaokwenda sambamba na ukingo, kwa hiyo hautoki mzima mzima. Tena kitambaa cha hanamu kinatii kona na mibinuko. Ubaya wake ni kwamba kinavutika na kupoteza umbo ukikishika hovyo, na nguvu zake zinaelekea upande mwingine. Kwa hiyo kama fundi amekuambia nyuzi zielekee mbele na nyuma, usijifanye mjuaji ukakata hanamu.

Tano, mkeka. Ule wa nyuzi zilizotawanywa, ukingo wake ni bora uchanwe kwa mkono kuliko kukatwa. Ukiuchana unabaki na ukingo wa manyoya, unaolala na kupotea kabisa. Ukiukata unabaki na ngazi.

Sita, na hii ndiyo iliyoniokoa mimi: kukata kikiwa kibichi. Kwa kiraka ambacho hakina ziada ya kutupa, Mjomba anatandaza nailoni nene mezani na kuweka kitambaa juu yake. Analowesha rezini hapo hapo mezani, anafunika nailoni nyingine, anakanda kwa kipande cha plastiki mpaka hewa itoke. Kisha anachora umbo juu ya nailoni kwa makapeni na kukata vyote pamoja, nailoni na kitambaa. Nyuzi zimelowa, zimeshikwa juu na chini, hazina pa kwenda. Unabandua nailoni ya chini, unabandika kiraka, unakikandamiza, halafu unabandua ya juu taratibu kutoka ukingo mmoja. Ila hapa lazima rezini uwe umeichanganya kidogo kidogo, ya kipande kimoja tu, maana saa inakimbia.

Saba, brashi. Usipake, dona. Anza katikati uelekee nje, kwa kugonga gonga. Ukipaka kama chokaa utaona niliyoyaona.

Nane, kukata ziada. Usisubiri mpaka kazi iwe ngumu kama jiwe. Ipo saa ambayo rezini imeshashika lakini bado iko kama soli ya kiatu. Hapo kisu kikali kinakata ukingo safi kama unakata jibini. Ukichelewa unabaki na mashine ya kusaga na wingu la vumbi.

Kuhusu vumbi hilo, msomaji wangu, hapa natoa utani kabisa. Faiba inawasha kwa sababu ni vijiti vya kioo vinavyochoma ngozi. Vaa mikono mirefu, glavu, miwani na barakoa ya vumbi. Ukimaliza, suuza kwa maji ya baridi yanayotiririka kwanza, bila kusugua, na nguo zako zifuliwe peke yake. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa rezini, kwa hiyo fanyia kazi kwenye upepo, siyo chumbani umefunga mlango. Dawa ya kugandisha, inayowekwa sehemu 1 hadi 2 tu kwa kila 100 za rezini, ikikuingia jichoni inaweza kukupofusha. Na kama rezini yako inatumia dawa mbili, ile ya kobalti na ile ya kugandisha, usizichanganye hizo mbili zenyewe kwa zenyewe hata kwa mzaha. Zinalipuka. Changanya ya kwanza kwenye rezini mpaka iishe kabisa, ndipo utie ya pili.

Na kwa wanaotamani makubwa zaidi, kaboni nyeusi wanayoiona kwenye magari ya mbio inakatwa kwa njia hizi hizi, lakini vumbi lake linapitisha umeme. Usiikatie karibu na kompyuta wala soketi. Kevlar nayo, ile ya fulana za kuzuia risasi aliyoigundua mwanamama Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont mwaka 1965, ni kichwa ngumu kuliko zote. Mkasi wa kawaida unaitafuna tu, hauikati. Inataka mkasi wake maalumu wenye meno madogo madogo.

Nirudi Kigamboni. Siku ya pili vijana walipomaliza kusaga, nilihitaji karatasi ya kuchorea umbo la kiraka. Kijana mmoja akaleta gazeti, kulifungua, si kona yangu hiyo, picha yangu inacheka! Ya wiki ile ya satini. Nikaikata duara, nikailaza juu ya tobo, nikapunguza hapa na pale mpaka ikakaa. Nadhani ni mara ya kwanza safu yangu kumfaa mvuvi.

Mikeka nikaichana kwa mkono, vya kufuma nikavikata vikiwa vibichi kwenye nailoni. Mikono ilikuwa inatetemeka, siwafichi. Mzee alikuwa pale pale juu ya ndoo yake. Kipande cha kwanza kikalala. Cha pili kikalala. Hakuna uzi uliochomoza. Kufika cha tano hakuna aliyekuwa anacheka tena, na kijana mmoja alikuwa amesogea karibu anaangalia mikono yangu, siyo kucha.

Boti ilishuka majini siku mbili baadaye. Kabla ya kushuka, mzee alipitisha kiganja juu ya kiraka, akatafuta ukingo wake kwa vidole, hakuupata. Akatikisa kichwa, akapanda. Kesho yake alfajiri aliacha changu wawili karakanani, wamefungwa kwenye mfuko, "wa yule binti wa gazeti." Mama aliwapika wa nazi. Alipokuwa akila aliniuliza kama nyuzi zilitulia. Nikamwambia zilitulia. Akasema, "Si nilikwambia ni shifoni?" Lakini mkasi hajaniazima mpaka leo.

Kodi nimelipa mwezi mmoja, mmoja bado. Mjomba hakunisifu hata kidogo. Jioni ile alinihesabia mshiko uliobaki baada ya makato, akanipa, akasema, "Kesho saa moja asubuhi. Kuna bampa tatu."

Kwa hiyo wewe kijana mwenzangu uliyemaliza kidato cha nne ukakaa kijiweni unasubiri dili la mezani, ninachokuambia ni hiki. Unachokijua tayari kutoka nyumbani kinaweza kukufaa mahali usipopategemea, lakini kwanza ukubali kwamba umeharibu, uwaombe radhi wenye riziki yao, na ulipie ulichoharibu. Mimi nimelipa, na bado nawashwa.

Wiki ijayo panapo majaaliwa tunarudi kwenye nguo za kuvaa: kwa nini zipu ya gauni la sherehe hukwama siku ya sherehe yenyewe. Mpaka hapo, tunza mkasi wako, na usikunje kitambaa usichokijua. Kwa leo inatosha!